Vumawimbi

Mwishoni mwa Agosti, kusi likiwa halijachoka, tulitoka Chake Chake kuelekea kaskazini. Aliyeshika usukani alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Njia nzima hadi Konde karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini, harufu yake ikatuingilia garini. Baada ya Konde tukaingia kivulini mwa msitu wa Ngezi, mwendo ukawa wa polepole.

Nilisomesha Kiswahili kisiwani humu miaka mingi, lakini Vumawimbi sikuwahi kufika. Nililijua jina kwenye ramani tu. Walimu tuna ugonjwa huo.

Tulipotokeza ufukweni alizima gari, akashusha vioo. Mngurumo ulituzunguka, mzito, usiokatika.

“Mwalimu, waikumbuka insha yangu? Niliandika ‘mawimbi yavuma’, ukapiga mstari mwekundu. Ukasema kinachovuma ni upepo, mawimbi hupiga.”

Sikuikumbuka. Yeye, mzaliwa wa huku, aliyelala na sauti ile tangu utotoni, hakuisahau kwa miaka thelathini. Nilimwomba radhi. Akacheka, akasema alama zake mbili bado anazidai.