Jahazi la Baba Laenda Faza

Msafiri atokaye Lamu kwa njia ya bahari kuelekea Siyu ama Faza kwa kawaida hupita Mkanda. Ni mlango mwembamba wa maji ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko ikiusimamia huku na huku. Maji yakijaa hupitika. Zamani, yakitoka, chombo kilikaa matopeni kikangoja, na abiria wakangoja nacho. Kwa sababu hiyo watu wa visiwa vyetu hawapangi safari kwa saa ya ukutani pekee. Huutazama mwezi kwanza, wakajua kama ni bamvua ama maji mafu.

Njia hiyo jahazi la marehemu baba yetu, Allah amrehemu, liliipita kwa zaidi ya miaka arobaini. Liliundwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kilichoko magharibi ya kisiwa cha Lamu, nami wakati huo ningali mwanafunzi wa chuo. Mbao zake zilikuwa za mbambakofi. Kila mwaka lilipandishwa pwani likatiwa kalafati ya pamba, ubavuni likapakwa sifa, na chini likapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasilitoboe. Lilipakia boriti hadi Mombasa. Na baada ya Serikali kupiga marufuku boriti kupelekwa ng'ambo mwaka wa 1982, likapakia chokaa, nazi, mchanga na watu. Mfungo Sita lilijaa akina mama na watoto waendao Maulidi ya Msikiti wa Riyadha.

Baba alikuwa na ada mbili asizoziacha. Ya kwanza, hakung'oa nanga ila baada ya kuisoma dua ya Nabii Nuhu (A.S.) iliyomo katika Sura Hud, kwamba mwendo wa chombo na kutia nanga kwake ni kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ya pili, hakupokea nauli ya mgonjwa, ya mama mwenye uchungu, wala ya maiti.

Alipofariki, jahazi likawa mirathi. Madeni yalipokwisha kulipwa, tuligawa mafungu 40: mama 5, ambayo ndiyo thumuni yake; sisi ndugu wawili wa kiume 14 kila mmoja; na dada yetu 7. Hesabu hiyo ni nyepesi karatasini. Lakini jahazi si kitambaa kikatwe kwa mkasi. Ilibidi liuzwe.

Waliojitokeza kununua walikuwa wawili. Wa kwanza ni tajiri aliyetaka kulifanya mahali pa wageni kunywa ulevi jua likitua, na bei yake ilikuwa kubwa. Wa pili ni nahodha wa Faza, mchukuzi wa mizigo, ambaye bei yake ilifika theluthi mbili tu ya ile. Kumuuzia mtu kitu hali wajua kwa yakini kuwa atakitumia katika haramu, jawabu lake ni rahisi kulitoa msikitini. Nyumbani ni zito. Ndugu yangu alisema neno lililostahili kusikizwa: dada yetu ni mjane, ana watoto wasomao, na sisi wanaume hatuna idhini ya kufanya ukarimu kwa mfuko wake.

Basi tukaenda kumuuliza mwenyewe, wala hatukumsemea. Akajibu kwa utulivu: "Kaka, pale tezi ndipo baba alipokuwa akisali. Mimi sitaki pawekwe chupa. Muuzieni wa Faza. Lakini fungu langu na la mama yalipwe kwanza, taslimu, siku ya kukabidhi. Msinambie ningoje msimu."

Ikaandikwa hivyo mbele ya mashahidi. Sisi ndugu wawili tukakubali kulipwa kaskazi itakapoingia.

Tulilipeleka Faza wenyewe, wakati wa kusi, mwezi 15, baada ya Sala ya Alfajiri, maji yangali juu. Mama, ambaye magoti yamsumbua, alishikilia kwenda, tukamkalisha tezi. Mkanda ulikuwa kimya, hapasikiki ila ndege wa mikokoni na foromali ikilia juu ya mlingoti. Tulipotokea Ghuba ya Manda tuliziona winchi za bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kupokea meli mwaka wa 2021, zikiwa ndefu kuliko minara ya misikiti yetu. Mama alizitazama kwa muda, kisha akauliza: "Na hizo zitampeleka nani hospitali?" Hakuna aliyemjibu. Tanga lilijaa upepo, Pate ikapita mkono wa kulia, na kabla ya Adhuhuri tukafika Faza. Maji yalikuwa yametoka, tukatia nanga mbali na kungoja.

Nahodha alitufuata kwa hori. Mama akamwambia: "Mwanangu, bei nimeipokea na sina dai. Hili si sharti, ni ombi. Mgonjwa, mzazi na maiti usiwatoze." Akasema: "Mama, nimekubali." Mama akalipapasa jahazi ubavuni kwa kiganja, akaomba ateremshwe.

Dada na mama zangu, wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mali ya mzazi nayo, ikizunguka itakavyo, marejeo yake ni kwa warithi, wanaume kwa wanawake. Vyombo vingi vimeozea ufukweni kwa kuwa ndugu wa kiume waliona bahari si ya wanawake, wakawanyima hata kuulizwa. Na katika Sura al-Kahf twasoma habari ya jahazi la masikini lililotobolewa ili mfalme dhalimu asilinyang'anye. Upungufu wa bei yetu nauona kuwa ni tundu la namna hiyo, hasara ndogo iliyozuia kubwa.

Mola awarehemu manahodha wetu waliotangulia, na awafikishe salama walioko baharini. Amin.