Goti la Mpwa Wangu

Watu wanapopiga magoti kanisani hapa Idete, kijana mmoja wa miaka 15 hubaki ameketi, na wageni humkazia macho. Ni mpwa wangu. Goti lake la kushoto halikunjiki vema.

Ana himofilia, maradhi ya damu isiyoganda upesi, kwa kuwa amepungukiwa na kitu cha kugandisha ambacho madaktari hukiita kigandishi cha nane. Maradhi haya hupitia kwa mama, nayo huwashika hasa wana wa kiume. Dada yangu mwenyewe ni mzima, lakini mwanawe wa kwanza alitokwa na damu siku tatu baada ya tohara, akafa. Twalisema mengi siku zile, na mengine naona haya kuyaandika. Huyu wa pili hakuguswa na kisu, ila damu humtoka ndani kwa ndani, katika magoti na viwiko. Goti huvimba likawa la moto, akalala juma zima, na akiinuka paja limesinyaa. Paja likisinyaa, goti hukosa wa kulishikilia, likatoka damu tena.

Sasa naungama kosa langu. Mwaka jana nalisoma katika simu habari za mazoezi yaliyotoka Japani. Bwana Yoshiaki Sato asimulia kwamba mwaka 1966 alikaa kwa magoti muda mrefu katika ibada ya marehemu, miguu ikamfa ganzi na kujaa kama ya mtu aliyefanya kazi ngumu, ndipo akapata wazo lake. Hufungwa mkanda juu ya paja, damu ipate kuingia lakini irudi kwa taabu. Hivyo msuli huchoka upesi, ukapata nguvu kwa mzigo mwepesi tu, kama sehemu ya tano ya ule mzito kabisa ambao mtu aweza kuuinua. Nikasoma tena kwamba huko Valencia, Hispania, wameyajaribu kwa watu wenye himofilia, maana mizigo mizito huyaumiza magoti yao. Basi nikakata mpira wa ndani wa baiskeli.

"Mjomba, kaza tu," kijana akaniambia. Nikakaza. Alinyosha mguu mara 30. Jioni paja lilikuwa limevilia damu, na asubuhi palikuwa na uvimbe mkubwa kama embe. Dada hakunigombeza. Aliuokota ule mpira, akautia motoni.

Twalikwenda Ifakara, kisha Muhimbili, Dar es Salaam, akachomwa kigandishi katika mshipa. Dawa hiyo ni ghali mno, nasi twaipata kwa msaada wa Shirikisho la Himofilia la Dunia. Huko bibi mmoja wa mazoezi ya viungo alinieleza bila kunicheka. Mkanda wenyewe ni mpana, hujazwa upepo na kupimwa kwa mguu wa kila mtu, mtaalamu akiwapo, na mgonjwa awe amekwisha pata dawa. Ukanda mwembamba hukata nyama. Nyumbani tusifunge kitu chochote.

Alitupa kazi nyingine: kuketi kitini, kunyosha mguu taratibu, kuhesabu hadi tano na kuushusha, kisha kusimama na kuketi bila kushika kitu. Akatuonya juu ya aspirini, na sindano za matakoni, na kung'oa jino kabla daktari hajajua. Nami nawaambia wazazi wenzangu: mtoto akivimba viungo bila sababu, au ikiwa wajomba zake walitokwa sana na damu, semeni hospitali kabla ya tohara.

Sasa kijana hufanya mazoezi mlangoni pa ofisi yangu, nami nikiandika kitabu cha ubatizo husikia akihesabu. Mwezi uliopita nalimpima kwa futi ya fundi cherehani: paja la kushoto limeongezeka sentimita moja. Kila asubuhi, kabla hajaja, mama yake huweka kiganja juu ya goti. Likiwa na joto, humwambia alale.