Kardani Inayogonga: Des Moines na Kalemie

Pikapu mpya ikigonga chini kila unaposimama kwenye taa, swali la kwanza huku Marekani halihusu kitu kinachogonga. Watu huuliza nani atalipa. Kalemie, kwetu Kongo, hakuna anayeuliza hilo, kwa sababu jibu linajulikana: utalipa wewe. Kwa hiyo mafundi wa kwetu wanaanza moja kwa moja na kitu chenyewe.

Watu wetu wengi waliofika huku kutoka Uvira, Fizi, Moba na Kalemie wakishapata kazi ya kudumu huota pikapu. Mimi pia nilichukua moja hapa Des Moines, mpya, milango minne, giaboksi ya otomatiki. Kampuni siitaji. Baridi ya Iowa haijaisha ikaanza vituko viwili. Asubuhi, ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, inakurusha kama mtu kakusukuma mgongoni. Na ukifunga breki, gari likishatulia, baada ya muda mfupi unasikia "ko!" chini ya sakafu.

Nikairudisha kwa walioniuzia. Mapokezi kuna kijana mpole mwenye tableti, anaandika maneno yako, anakupa kahawa. Fundi humwoni, yuko nyuma ya mlango. Jioni nikapewa gari na karatasi: kompyuta haikuonyesha kosa lolote, tatizo halikujitokeza, hiyo ni tabia ya kawaida ya gari la aina hii. Nilikasirika, lakini baadaye nilielewa kinachowafanya waandike hivyo. Mafundi wengi wa maduka haya hulipwa kwa kazi, hawalipwi kwa saa walizokaa. Kitabu kikisema kubadilisha kitu fulani ni saa mbili, wanalipwa mbili hata wakimaliza kwa moja. Na kwa kazi za garanti, saa ambazo kampuni inakubali kulipa kwa kawaida ni chache kuliko zile anazolipishwa mteja. Sasa kulala chini ya gari kutafuta mlio ambao kompyuta haiujui, nani atamlipa? Fundi yule si mjinga. Hakuna mtu aliyemnunulia muda wa kusikiliza.

Nikarekodi ule mlio kwa simu na kuutuma WhatsApp kwa muzee mmoja fundi wa Kataki, kule Kalemie, aliyetengeneza Land Cruiser tangu mimi niko shule. Giaboksi ya gia kumi kama yangu hajawahi kuiona. Hakusema lolote kuhusu sauti ile, aliuliza tu. Inagonga wakati wa kuondoka, wa kusimama, au ukitia rivasi? Mara moja au mfululizo? Ukipakia mzigo inazidi au inapungua? Ukikata kona polepole je?

Kila swali lina kazi yake. Ikigonga unapotoka D kwenda R, kuna nafasi iliyozidi mahali fulani kati ya giaboksi na magurudumu, au mpira unaoshikilia giaboksi umechoka. Ikilia tik-tik-tik ikifuata mwendo, ni vile vimsalaba vya chuma vinavyounganisha kardani, ule mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu, sanduku la meno la ekseli ya nyuma. Ikijikaza na kugonga kwenye kona, juu ya lami kavu, huku umeacha foo-bai-foo imefungwa, gari halina kosa: magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kupita njia zenye urefu tofauti na hakuna kitu katikati cha kuyaachanisha. Kwenye matope ya njia ya Nyunzu hutalisikia hilo, kwa kuwa tairi huteleza na kujisawazisha zenyewe.

"Sasa zima injini, mwanangu," akasema. "Tia P, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya tairi. Lala chini. Shika kardani kwa mikono miwili, uizungushe huku na huku. Uniambie unaona nini, usiniambie unawaza nini."

Iowa mawe hayaokotwi tu barabarani, nikatumia magogo ya kuni. Muzee yuko kwenye video, mwanga wa tochi. Akanifanya nichore chaki mstari mmoja unaopita kwenye kardani na kwenye shingo ya difu, ili nizungushapo nione mistari inaachana kiasi gani. Kidogo ni halali. Meno ya difu lazima yaachiane nafasi ya oili kupita. Halafu vimsalaba: mkono mmoja upande huu, mwingine upande ule. Pande mbili zikienda pamoja ni vizima. Moja ikitangulia, sindano za beringi ndani zimekwisha. Akataka nimulike vikofia vyake nione kama kuna unga mwekundu. Unga ule ni kutu ya beringi iliyokauka grisi, na hutokea kabla mlio haujaanza. Haukuwepo.

Tukabaki na sehemu ya tatu, pale kardani inapoingia ndani ya bomba lake na kuteleza. Ukifunga breki, pua ya gari huinama na nyuma hupanda, na urefu wa kardani hubadilika. Gari likishasimama, bodi hurudi chini. Kama meno ya sehemu ile ni makavu, yanashikana kwanza, halafu yanaachia kwa ghafla. Ndiyo "ko!" yangu, na ndiyo maana ilichelewa kidogo baada ya gari kutulia. Land Cruiser zinazofanya kazi Kalemie zina chuchu za grisi kwenye vimsalaba na kwenye sehemu ile ya kuteleza, na shofa anayejiheshimu hapitishi wiki za mvua bila kuzipiga grisi. Yangu, kama pikapu nyingi za sasa, haina chuchu hata moja. Imefungwa kiwandani na kuhesabiwa kwamba haihitaji mkono wa mtu.

Nikarudi dukani. Safari hii sikusema "inagonga". Nilitaja mahali, nikaomba karatasi iandike hivyo hivyo. Wakaifungua, wakasafisha, wakapaka grisi, na kugonga kukaisha.

Lakini ule mrusho wa gia ya pili ukabaki, na hapo muzee wa Kataki hakuwa na la kusema. Hapo ni zamu ya Marekani. Giaboksi hizi huendeshwa na kompyuta inayojifunza namna klachi za ndani zinavyojaa oili na namna dereva anavyokanyaga. Kwenye baridi kali oili ni nzito na gia huingia kwa kishindo mpaka ipate joto. Na kuna kitu huku ambacho ningetamani kingekuwepo kwetu: viwanda vinalazimika kupeleka NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, nakala za barua za ufundi vinazowaandikia mafundi wao, na raia yeyote anazisoma bure. Mfano unaojulikana ni giaboksi za gia nane za General Motors za miaka ya 2015 hadi 2019. Zilikuwa zinatetemeka, na barua ya kampuni ikawaambia mafundi waioshe giaboksi na kutia oili ya aina nyingine. Mtu wa Texas akilalamika, wa Iowa anafaidika. Ujuzi wa muzee unaishia kwa vijana wanaomshikia spana.

Kwa hiyo nikatafuta barua ya gari langu, nikaichapa, nikaipeleka. Wakaifuta kumbukumbu ya kompyuta na kuipakia programu mpya. Bado asubuhi za baridi inashtuka kidogo. Ninaivumilia, na karatasi zote nimezitunza. Garanti ya kawaida huku ni miaka 3 au maili 36,000, na kwa injini na giaboksi kampuni nyingi hutoa miaka 5 au maili 60,000. Kuna sheria ya taifa ya garanti ya mwaka 1975, na kuanzia Connecticut mwaka 1982 majimbo yalitunga sheria za kumlazimisha mtengenezaji kurudisha pesa au kubadilisha gari likishindikana. Kwa kawaida sheria hizo zinakutaka uonyeshe kwamba ulirudi tena na tena kwa kosa lile lile. Ukiondoka bila karatasi, ni kama hukuja.

Nayaandika haya kwa sababu shemeji yangu, na naona si yeye peke yake, anataka nimtumie pikapu ya Kimarekani. Anasema usukani wake uko kushoto, unafaa barabara za Kongo kuliko zile za Kijapani zenye usukani kulia. Ni kweli. Itapanda meli mpaka Dar es Salaam, itafika Kigoma, itavuka ziwa. Kisha itapakiwa mihogo juu ya uwezo wake, itavushwa mtoni difu ikiwa ya moto. Difu ikipoa ghafla ndani ya maji, hunyonya maji kupitia sili iliyochoka au kitundu chake cha kupumulia, na oili hugeuka maziwa. Hilo mafundi wetu wanalijua na watamwaga oili usiku huo huo. Lakini siku giaboksi itakapokataa gia na taa kuwaka, nani Kalemie ana kompyuta ya kuiuliza, na programu yake, na intaneti ya kuipakua?

Shemeji, tafuta Land Cruiser 79 ya dizeli, ya klachi, hata kama ni kuukuu. Kabla hujalipa, mwite muzee alale chini yake na chaki. Mimi nitatuma vimsalaba vya kardani na sili za difu. Nitumie namba zilizopigwa kwenye kibati cha gari, usinipigie picha ya bodi.