Darubini Isiyo na Jicho

Napenda kuwasimulia habari ya kifaa nilichokitengeneza kwa karatasi hapa Mushasha, na aibu niliyoipata kwacho.

Darasa letu lilitakiwa kuonyesha kazi za mikono siku ya wazazi. Mimi nilichagua Uhuru. Msidhani nataka kusema siasa. Uhuru lilikuwa jina la darubini ya angani ya Wamarekani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Ilipewa jina hilo la Kiswahili kwa sababu siku ile Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala.

Msaidizi wangu alikuwa kijana wa darasa la chini, mwenyeji wa Muyinga, hodari wa mkasi. Tulikata boksi la sabuni likawa mwili. Gundi yetu ilikuwa uji wa unga wa muhogo, na mbawa nne za kupokea jua tulizifunika kwa karatasi ing'aayo ya pakiti za sigara. Mara ya kwanza uji ulikuwa mwepesi, mbawa zikalala kama masikio ya mbuzi. Tukaanza upya.

Kisha tukabishana. Nilitaka kubandika kioo cha tochi mbele, kiwe jicho. Kijana akasema, "Kaka, hii haikuwa na jicho."

Alisema kweli. Uhuru ilitafuta miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Ndani yake mlikuwa na visanduku vya gesi, mafungu mawili yaliyopeana mgongo. Mwale ukiingia, gesi ilitoa mshtuko mdogo wa umeme, nao ukahesabiwa. Chombo kilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12, kikifagia mbingu. Hapakuwa na mahali pa kuchungulia.

Lakini nilimjibu, "Wageni hawatasadiki kuwa ni darubini." Naye, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akanyamaza.

Siku ikafika. Wageni walikisifu sana kile kioo, nami nikavimba kichwa. Mzee mmoja akainama, akachungulia, akamwuliza yule kijana, "Mwanangu, mtu akitazama humu huona nini?" Kijana akanitazama, kisha akainamisha kichwa. Hakutaka kunifedhehesha. Kimya chake kiliniuma kuliko kama angenishtaki.

Nikakibandua kioo mbele ya watu wote. Nikasema, "Mzee, kioo hiki ni uongo wangu. Huyu alinikataza, sikumsikia. Yeye ndiye atakayekueleza."

Basi kijana akaeleza vizuri: kwamba Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973, ikaacha orodha ya mahali 339 mbinguni panapotoka eksirei, na kwamba ilisaidia wataalamu kutambua kuwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Mzee akacheka, akasema, "Kumbe kipofu huyu aliona mengi!"

Mahali pa kioo pamebaki doa la gundi, nami sikulifunika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kama asubuhi moja, na namshukuru Mungu kwa ufupi wake.