Nishani ya Aliyemwokoa Mwenzake



Mwezi Septemba 2018 ugonjwa wa Ebola ulifika hapa kwetu Tchomia kutoka upande wa Beni. Huko Beni vita viliwazuia wauguzi kuwafikia wagonjwa. Novemba mwaka huo, askari wa Umoja wa Mataifa walipigana na waasi wa ADF karibu na mji ule. Miongoni mwao alikuwamo Chancy Chitete, askari wa cheo cha chini kutoka Malawi. Koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa, akabaki mahali pa wazi asiweze kusogea. Chitete alimvuta hadi penye usalama, akaanza kuizuia damu yake. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa risasi, akafariki. Koplo yule alinusurika. Katika mapigano hayo waliuawa askari wa Malawi na wa Tanzania.

Mwezi Mei 2019, jijini New York, Chitete alitunukiwa Medali ya Kapteni Mbaye Diagne. Diagne alikuwa Msenegali aliyewaokoa watu wengi mjini Kigali mwaka 1994, bila kubeba silaha, mpaka alipouawa na kombora.

Tunaweza kuuliza mengi juu ya askari wa kigeni nchini mwetu, na maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, tutazame kilichoheshimiwa. Chitete alikuwa na bunduki kama wenzake, lakini nishani hakuipata kwa hesabu ya aliowaua. Aliipata kwa dakika zile ambazo mikono yake ilikuwa juu ya jeraha la mtu asiye wa taifa lake.

Kwetu Ituri, kijana anayeshika silaha huitwa mlinzi wa kabila, na wengine humwonea wivu. Msamaria wa Injili hakumwuliza majeruhi kabila lake. Alishuka, akafunga vidonda, akalipa gharama. Huo ndio ushujaa tuliofundishwa tangu ubatizo, nao hauhitaji bunduki.

Katika mkutano wenu wa juma hili, jadilianeni swali moja: mtu wa kabila lile tunaloliogopa akianguka kwenye njia ya Bunia, nani kati yetu atasimama? Kila mmoja ajibu kwa ajili yake mwenyewe.

Tumwombee Chancy Chitete na wenzake pumziko la milele.