Daftari Juu ya Rundo

Ijumaa jioni nilirudi nyumbani na karatasi 72 za hisabati za Kidato cha Pili. Jumatatu, 14 Oktoba, ilikuwa Siku ya Mwalimu Nyerere, hivyo nilikuwa na siku tatu. Nikamwambia mke wangu, "Safari hii nitamaliza mapema."

Jumamosi asubuhi nilisahihisha 20. Alasiri nikaitwa kuchezesha mechi ya waseminari na vijana wa parokia. Walitoka sare, mimi nikatoka nikichechemea. Jumapili, baada ya Misa, wakaja shemeji na watoto wao. Karatasi nilizirudia usiku, hadi saa saba.

Jumatatu mchana zilibaki tano. Mwanangu wa darasa la nne akaja polepole, akaweka daftari lake juu ya rundo.

"Baba, ukimaliza za kaka wa seminari, nisahihishie na mimi."

Zilikuwa hesabu za kugawanya, alizozifanya peke yake tangu Ijumaa. Tatu alikosa, zote kwa kosa moja: alisahau kuandika baki. Ningemwelekeza kwa dakika mbili tu.

Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na hadi leo tunamwita Mwalimu. Mimi wananiita hivyo kila siku darasani, kumbe nyumbani kuna mwanafunzi aliyekuwa akisubiri zamu yake.

Nikazisogeza zile tano pembeni, nikamwambia avute kiti. Nilizimalizia usiku, yeye akiwa amelala.