Kwanza Nionyeshe Jua la Uani Kwako

Mama yangu alikuwa akiuza asumini Ngamiani, mjini Tanga. Vitumba vilichumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, maana asumini hufunguka jioni, na bi harusi hutaka ua limfungukie kichwani, si sokoni. Kazi yangu ilikuwa kuvitunga. Hapo ndipo niliposikia wanunuzi wakiuliza, siku baada ya siku, wapi watapata mche wenyewe. Nikaanza kukata vipandikizi na kuvichomeka kwenye viriba vya mchanga na samadi iliyooza, na kazi hiyo ndiyo iliyonilea mimi na wanangu.

Wenzangu wengi wa vitalu hupenda maua ya msimu. Zinia na petunia huchanua upesi, hukauka baada ya miezi michache, na mteja hurudi kununua. Mimi nimeshikamana na maua ya kudumu. Mtu wa kipato cha kawaida akitoa fedha yake kwa ua, ni haki yake alione mwaka hata mwaka, alipogoe, amkatie jirani kipandikizi.

Lakini ua la kudumu likipandwa mahali pasipolifaa, huteseka muda mrefu. Ndiyo maana siuzi kabla ya kuuliza. Siku moja alikuja kijana mmoja aliyetoka tu kuhamia kwenye nyumba yake mpya.

“Shikamoo bibi. Nataka lile lenye maua ya zambarau.”

“Marahaba mwanangu. Uani kwako jua linapiga wapi?”

Alidhani nampotezea muda. Lile alilolionyesha lilikuwa violeti ya Usambara, na ukuta wake ulitazama magharibi, pasipo kivuli hata cha mpapai.

Violeti hiyo ni ya kwetu. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa Kijerumani huku Tanga, aliipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaiandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia. Leo inakaa madirishani Ulaya na Marekani. Porini huota kwenye miamba yenye unyevu, chini ya miti mikubwa ya Usambara Mashariki. Kwa hiyo mjini Tanga inataka baraza yenye mwanga usio na jua la moja kwa moja, na maji yatiwe kwenye kisahani chini ya chungu, maana maji baridi yakidondokea majani huacha madoa. Jani moja likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu hutoa mche mpya. Inaniuma kwamba wengi wetu tunaijua kwa picha za kigeni wakati milima yake tunaiona kutoka Muheza.

Kijana yule nilimpa bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini jua la pwani limeipokea vizuri kabisa. Wateja hulalamika kwamba yao ni majani tupu, na karibu kila mara nikifuatilia nakuta inamwagiwa maji kila jioni na kurundikiwa samadi. Bogenvilia ikishiba hivyo huzaa majani. Ikishashika mizizi, iache ikaukiwe kidogo, ipogoe ikimaliza kuchanua, kwa kuwa hutoa rangi kwenye matawi mapya. Hata ile rangi yenyewe ni ya majani laini yanayozunguka ua. Ua halisi ni lile dogo jeupe la katikati.

Penye jua kali na udongo wa kichanga napendekeza pia waridi la jangwani, ambalo huota lenyewe katika nyika zetu. Shina lake nene huhifadhi maji. Hata hivyo utomvu wake ni sumu. Wahadzabe huupaka mishale ya kuwindia. Penye watoto wadogo au mbuzi siliuzi, hata mteja akiongeza bei.

Waridi la kawaida ndilo linalonigombanisha na watu. Yale mazuri huletwa kutoka Lushoto, kwenye ubaridi wa zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Yakifika kwenye joto na unyevunyevu wetu, majani huingia madoa meusi na kupukutika. Anayelitaka kwa dhati alipande penye jua la asubuhi na upepo, amwagilie shinani bila kulowesha majani, na akubali kazi. Asiye na nafasi hiyo achukue asumini, ambayo harufu yake haishindwi.

Msomaji, kabla hujaenda kitaluni, simama uani kwako saa nne asubuhi, kisha saa tisa alasiri, uangalie jua lilipo. Chimba kidogo uone kama maji yanatuama. Uliza nyumbani nani atakayemwagilia wakati wa kiangazi. Kisha nunua mche mmoja unaopafaa mahali hapo, uupande masika yanapoanza.